Ufa wa karatasi 11: kisa cha skuna ya mbao iliyopasuka juu ya kabati Dodoma

Karatasi 11 za fotokopi ziliingia kwenye ufa wa upande wa kushoto. Upande wa kulia ziliingia 9. Karatasi moja ya kawaida ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa hiyo mbele yangu kulikuwa na ufa wa milimita 1 na kidogo kwenye chombo ambacho fito zake zina upana wa milimita 5 tu. Kwenye kabati la nguo ufa wa namna hiyo unaupaka pati na maisha yanaendelea. Lakini hiki kilikuwa mfano wa meli uliopunguzwa mara 75. Ukiukuza ufa ule ufikie meli yenyewe, unapata uwazi wa sentimita 8, mkono unapita hadi kwenye ngama, tumboni mwa meli.

Mwenye chombo ni jirani yangu hapa Ipagala, mstaafu, mzaliwa wa Tanga, aliyeletwa Dodoma na kazi wakati wizara zilipohamia huku, na kustaafu kukamkutia hapa hapa. Mtaa mzima sasa unamwita Mzee Nahodha, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Mimi ni fundi samani. Milango, vitanda, makabati ya jikoni, hizo ndizo kazi zangu. Kisa hiki nakiandika kwa urefu kwa sababu nilikosea mwanzoni, tena kwa kujiamini.

Binti yake anayeishi Kanada alikuja likizo Desemba na boksi. Ndani yake seti nzima ya kuunda skuna, aina ya meli ya matanga, iitwayo Bluenose: vipande vya plaiwudi vilivyokatwa tayari, mafungu ya fito, uzi, vitambaa vya matanga, misumari midogo kama ya saa, na kijitabu cha maelekezo. Pamoja na boksi alimpa baba yake sarafu ya senti 10 ya Kanada, ambayo kwa nyuma ina picha ya skuna hiyo hiyo. Wameiweka pale tangu mwaka 1937. Meli yenyewe ilishushwa majini Machi 1921 huko Lunenburg, Nova Scotia, ikavua samaki aina ya chewa wa kaskazini na kushinda mashindano ya mbio za vyombo vya wavuvi, hadi Januari 1946 ilipogonga mwamba karibu na Haiti ikaishia hapo. Mzee aliposoma mwisho huo alicheka sana. Anaijua hadithi ya jina la mji wetu, ya tembo aliyedidimia kwenye tope na Wagogo wakasema *idodomya*, imezama. "Basi," akasema, "imefika kwao."

Kwa asiyewahi kuona kazi hii: seti za namna hii hazikupi gogo la kuchonga. Zinakupa mkuku wa plaiwudi, ubao mmoja mrefu uliosimama, na mataruma ya plaiwudi yanayochomekwa kwa kukingama, kila moja na umbo lake. Ukishayachomeka unapata kitu kama mifupa ya samaki. Juu ya mifupa hiyo unalaza fito kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), mmoja chini ya mwingine, kwa gundi. Hiyo ni ngozi ya kwanza, ya mbao laini nyeupe yenye unene wa milimita 1 na nusu. Ukishaipiga msasa inafuata ngozi ya pili ya mjozi, ile mbao ya kahawia wanayoiita walnati, nyembamba nusu milimita, ambayo ndiyo jicho litakayoiona.

(Mbao ya kwanza ni ya mti wa lindeni. Kwenye boksi waliiandika kwa jina lake jingine la Kiingereza, ambalo ni lile lile la ndimu, na kwa wiki nzima Mzee alikuwa akiwaambia wageni kwamba meli yake ni ya mndimu.)

Nilipokuja kukiona kile kijitabu, kila sehemu ilikuwa imefutwa kwa penseli na kuandikwa upya kwa Kiswahili cha pwani: mkuku, taruma la 1 hadi la mwisho, fashini, omo, tezi, foromali. Alikuwa amefuta hata neno la gundi. Mtu aliyefanya hivyo hakuwa anacheza, na hilo lina uzito kwenye uchambuzi huu, maana jambo la kwanza watu walilosema mtaani ni kwamba mzee alikosea kusoma. Hakukosea. Nilifuata hatua zake zote kwenye kijitabu, na zote zilikuwa sawasawa.

Alianza kazi Januari. Fito zikikaidi kupinda pale omo, kijitabu kinasema zilowekwe majini. Yeye aliziloweka kwenye beseni la maji ya moto usiku, asubuhi akazifuta kwa taulo, akazipaka gundi nyeupe ya mbao, akazibana kwa vibanio vya nguo. Na kwa kuwa ilikuwa rahisi zaidi, alizoea kuziloweka zote, hata za katikati ambako hakuna kona. Fito 22 kila upande. Kufikia mwisho wa Machi ngozi ya kwanza ilikuwa imefunga, imepigwa msasa, laini kama yai. Picha ninazo. Hakuna mshono unaouona.

Mei akaenda Tanga kwa msiba, akakaa. Chombo akakiacha juu ya kabati la chumbani, chini ya dari, juu ya dari bati. Aliporudi katikati ya Juni kilikuwa kimeachia pande zote mbili, mahali pale pale, kati ya ufito wa 8 na wa 9 kuhesabu kutoka juu, pale mwili wa chombo unapoanza kuingia chini.

Hapa Mzee akafanya jambo ambalo mtu yeyote wa pwani angelifanya. Jahazi likikaa ufukweni juani muda mrefu mbao zinakauka, mishono inaachia. Ukilishusha maji linakunywa, linavimba, linajifunga. Akachukua kanga, akailowesha, akaikamua, akakivika chombo usiku kucha. Asubuhi ufa haupo. Akafurahi. Ili usirudi, akadondosha supagluu kwenye mshono wote, pande mbili, chupa nne nzima. Siku ya sita ufa ulikuwa umerudi pande zote mbili, safari hii pembeni ya mstari wa supagluu, mpana kuliko wa kwanza, na kingo zake zimechanika.

Ndipo akaja kwangu, Jumatatu moja ya Julai.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba fundi. Chombo kimeachia."

Nilikitazama kama dakika mbili nikatoa hukumu: gundi. Nikamwambia gundi nyeupe ya dukani siku hizi inaongezwa maji, na kwamba mimi ninayo ya milango, ile isiyoogopa mvua. Upande wa kulia nikachagua sehemu ya sentimita 10, nikakwangua mshono ukawa safi, nikaupaka gundi yangu, nikaukaza kwa vipande vya tyubu ya baiskeli hadi ukafunga kwa nguvu. Jumanne nikafungua mipira. Mshono umeshika, hautikisiki. Ijumaa mchana, nikiwa naranda mlango, nikasikia *tak*. Si kubwa, kama mtu amevunja kijiti cha kiberiti. Mshono wangu ulikuwa mzima kabisa. Ufito wa jirani yake, wa 7, ulikuwa umepasuka katikati kwa urefu wa kiganja.

Mlio ule ulinifundisha zaidi ya nilichokuwa nimekitazama kwa macho. Kama gundi ingekuwa dhaifu, gundi ingeachia. Hapa gundi imeshinda mbao. Maana yake kuna kitu kinavuta, na kinavuta kwa nguvu ya kupasua ufito ambao jana ulikuwa mzima. Ukiziba huku kitatokea kule. Supagluu ya Mzee ilikuwa imeshanieleza hivyo hivyo wiki mbili kabla, sikuisikia.

Nikaomba fito zilizobaki kwenye boksi. Zilikuwa 6, hazijawahi kuguswa na maji ya beseni. Kijitabu kinasema upana ni milimita 5. Kalipa, kipimio changu cha upana na unene, ikasema 4.9. Nikachukua mbili nikaziloweka usiku mmoja: 5.2. Nikaziacha mezani, na siku ya nne zilikuwa zimerudi 4.9. Urefu wake haukubadilika hata kwa kiasi cha kuonekana, kabla wala baada.

Hesabu yenyewe basi. Mbao hufuata hewa iliyopo. Kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 80, kama ile ya siku za mvua mfululizo, mbao hutulia ikiwa na maji ya karibu asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Kwenye hewa ya asilimia 40 inashuka hadi karibu 8. Na inapopoteza maji haisinyai kila upande sawa. Kwa urefu wa nyuzi karibu haisogei kabisa. Kwa kukata nyuzi ndiko inakopungua, na mbao nyeupe ya lindeni ni miongoni mwa zinazopungua sana. Plaiwudi kwa upande wake imepangwa nyuzi zikipishana, tabaka moja linamzuia mwenzake, kwa hiyo karibu haisogei.

Sasa weka hayo kwenye chombo. Mifupa ya plaiwudi imesimama pale pale. Ngozi juu yake ni fito 22, zote nyuzi zinakwenda omo hadi tezi, zote zinapungua kuelekea upande mmoja, juu kwenda chini. Ufito mmoja ukipungua sehemu moja ya kumi ya milimita huwezi kuona. Mara 22 ni milimita 2 na ushei zinazotafuta pa kutokea. Kama kila mshono ungeachia kidogo chake, tungekuwa na nyufa 21 za unywele na Mzee angezifunika kwa mjozi bila kujua. Lakini Mzee ana mkono safi. Mishono yake mingi imeshikana barabara, ngozi imekuwa ubao mmoja, na ubao mmoja ukivutwa unakatika mahali pamoja, pale palipo pabovu kuliko pengine. Nasema hili kwa watu walioona ufa ule wakamcheka: fundi mzembe asingepata ufa kama ule.

Na kwa nini kati ya ufito wa 8 na wa 9, pande zote mbili? Nilimulika ufa kwa tochi ya simu na lenzi. Nusu ya ndani ya ukingo ilikuwa na nyuzi nyeupe zilizochanika, gundi ilishika hapo hadi mwisho. Nusu ya nje ilikuwa inang'aa, utando wa gundi laini kama ndani ya ganda la yai. Hapo mbao hazikuwahi kugusana. Ndipo chombo kinapogeuka, kutoka ubavu kwenda chini, na fito zenye kingo za mraba zikilazwa juu ya mviringo hugusana kwa ndani tu; kwa nje zinaacha mfereji wa umbo la V. Dawa yake ni kuupiga ukingo randa au msasa kwa mshazari kabla ya kuulaza. Kijitabu kimelitaja hilo kwa mstari mmoja na picha ndogo. Mzee aliujaza mfereji kwa gundi na vumbi la msasa, kisha akapiga msasa juu, na msasa huo ukazidi kupunguza ile nusu ya ndani iliyokuwa imeshika. Kosa lilikuwa dogo, na katika nchi yenye hewa isiyobadilika lisingejulikana kamwe.

Hewa yetu inabadilika. Mvua zetu ni Desemba hadi Aprili, kisha miezi saba huenda usipate tone, na upepo wa Agosti unakausha hadi kope. Kabati langu lolote la Februari nalijua kwa milango yake: Septemba inacheza. Samani nimeshajifunza kuziacha mbao zikae karakanani hadi zizoee mji. Kwa nini sikulifikiria hilo kwa meli? Kwa sababu ilikuja kwenye boksi zuri. Nilidhani waliokata vipande kwa mashine watakuwa wamemaliza kila kitu, na kumbe boksi linaweza kukaushwa vizuri huko lilikotoka na likanywa maji upya hapa, beseni la Mzee likaongezea.

Matengenezo yalikuwa ya kusubiri zaidi kuliko ya kufanya. Wiki tatu sikugusa kitu. Nilikiweka chombo kwenye rafu ya karakana, mbali na dirisha, na kila Jumatatu nikapima kwa vipande vya karatasi. Kushoto 12, kisha 13, kisha 13 tena. Kilipoacha kusogea nikajua mbao zimefika chini kabisa ya ukavu wake. Kuziba kabla ya hapo ni kuzibia kitu kinachotembea.

Pati niliikataa, ingawa Mzee aliisihi na mimi mwenyewe naiuza. Pati ikikauka ni jiwe. Mvua zikirudi fito zitavimba ziibane, itainuka kama kovu, na juu yake kuna mjozi wa nusu milimita tu, kovu litaonekana. Tulikata sehemu yote iliyokunywa supagluu, kwa kisu na tupa ndogo, kazi mbaya ya siku mbili. Kisha kwenye kila ufa tukapachika kabari ndefu za mbao ile ile ya lindeni, zilizochongwa kutoka zile fito 4 ambazo sikuzilowesha, nyembamba chini na nene juu, nyuzi zikienda omo hadi tezi kama wenzake. Gundi nyeupe, ile ile niliyoitukana. Zikaingia kwa kidole, bila nyundo. Ufito wa 7 niliouvunja mimi nao ukapata kabari yake. Mzee hakusema neno ila alikuwa akiniita "fundi wa milango" kwa wiki nzima.

Bahati ilikuwa kwamba sitaha ilikuwa haijafungwa. Tulimimina gundi iliyotiwa maji ndani, tukaizungusha ikapaka ngozi yote kwa ndani, tukapindua imwagike. Nje tukapaka sila, ile dawa ya kuziba vinyweleo vya mbao, mara mbili. Hakuna sila inayozuia unyevu kabisa, inauchelewesha tu, lakini ukichelewa pande zote mbili kwa pamoja mbao haipati nafasi ya kujikunja.

Mjozi tulilaza Agosti na Septemba, kwenye ukavu wenyewe. Penye kona tulilowesha ufito mgongoni tu, kwa kidole, tukaupinda kwa ncha ya pasi, tukaubana mahali pake *bila gundi* hadi kesho yake. Asubuhi tunautoa ukiwa umeshika umbo na umekauka, ndipo gundi. Inachosha. Siku nzuri ilitupa fito 4. Mama mwenye nyumba alidai pasi yake mara tatu, mara ya tatu akaifuata karakanani mwenyewe.

Februari iliyofuata, mvua ikiwa imeshika wiki ya pili, nilipita nyumbani kwao jioni. Chombo kilikuwa sebuleni, kimeshushwa kutoka juu ya kabati. Kwa macho hakuna kitu. Nikipitisha ukucha kutoka juu kwenda chini upande wa kushoto, mahali pa kabari kuna kituta kidogo, kulia hakuna. Kile kituta kilipotea tena Juni. Sijakipiga msasa na sitakipiga, maana ukikisawazisha wakati wa mvua utapata bonde wakati wa kiangazi.

Sasa tuko kwenye milingoti, na tumeshagombana kuhusu kamba. Uzi wa kwenye boksi ni wa pamba, na kamba ya pamba hufanya kinyume cha fito: ikilowa inakuwa fupi na kukaza, ikikauka inalegea. Mzee hilo analijua kutoka utotoni, hakuhitaji kalipa. Mimi nilitaka zifungwe kiangazi zikiwa na ulegevu kidogo. Yeye anasema chombo chenye kamba zilizolegea ni aibu hata kikiwa juu ya meza, na amekwenda soko la Majengo akanunua uzi wa poliesta wa mafundi cherehani, mweusi, ambao haujali maji. Kwa hizi zinazoshikilia milingoti nimekubali. Za matanga amebakiza pamba.

Mlingoti mkuu tuliusimamisha Jumapili iliyopita. Mafundi wa meli wa huko ughaibuni wana desturi ya kuweka sarafu chini ya mlingoti kabla ya kuusimika, na binti alikuwa amemwandikia kuhusu hilo. Mzee alitoa ile senti 10 mfukoni, akaitazama upande wenye skuna, akaniuliza kama bati lile nalo linavimba. Nikamwambia halivimbi. Akalilaza kwenye mkuku, picha juu, akadondosha gundi tone moja, na tukakaa kimya tukisubiri ikauke kabla ya kuchomeka.